Msuko wa Kwanza: Kulitambua Kosa Kabla ya Kufumua

Anayefuma msuko kwa mara ya kwanza huiogopa safu moja tu: ile ambayo vitanzi vitatu hutolewa kwenye sindano, vikaachwa vimening'inia, vingine vitatu vikatangulia kufumwa. Hofu hiyo naielewa, ila imekaa pasipo pake. Safu ya kupishanisha huifuma ukiwa macho, unahesabu kila kitanzi. Kazi huharibika kwenye zile safu tano au saba zinazofuata, mkono unapokwenda wenyewe na akili ikawa kwingine. Kwa hiyo ukiona msuko umekaa vibaya, usiukimbilie mpishano. Tazama kwanza safu za kati.

Tukubaliane maneno. Kitanzi cha kawaida hufumwa uzi ukiwa nyuma ya sindano, na ukikitazama kina umbo la V. Kitanzi cha kinyume hufumwa uzi ukiwa mbele, nacho huacha kinundu cha mlalo. Ni kitanzi kilekile kwa pande mbili: kilicho V kwa nje ni kinundu kwa ndani. Upande wa nje ni ule watakaouona watu kitu kikivaliwa. Msuko wenyewe ni nguzo za V zilizosimama kati ya vinundu, na kila baada ya safu kadhaa nusu ya nguzo hizo hupita mbele ya nusu nyingine. Hapo panaitwa mpishano.

Nitatumia kazi moja ya mfano mwongozo mzima, utepe wa kichwani wa kuzuia baridi, kwa sababu ni mfupi, una msuko mmoja tu, na makosa yote ya msuko mkubwa yanapatikana humo. Uzi uwe wa unene unaoitwa Aran (jina limetoka visiwa vya Aran, magharibi mwa Ayalandi, vinavyojulikana kwa masweta ya misuko), sindano za milimita 5, vitanzi 18. Safu za upande wa nje: 4 vya kawaida, 2 vya kinyume, 6 vya kawaida, 2 vya kinyume, 4 vya kawaida. Safu za upande wa ndani: 6 vya kawaida, 6 vya kinyume, 6 vya kawaida. Kwenye safu ya 3, ukifika kwenye vile 6 vya katikati, hamishia 3 vya kwanza kwenye sindano ya msuko (sindano fupi ya ziada ya kushikilia vitanzi vinavyosubiri) bila kuvifuma, iache sindano hiyo mbele ya kazi, fuma 3 vinavyofuata, kisha rudi ufume vile 3 vilivyokuwa vinasubiri. Rudia kila baada ya safu 8: safu ya 11, ya 19, ya 27, na kuendelea.

Msuko unalala upande usiotakiwa

Sindano ya msuko ikikaa mbele ya kazi, nusu inayoonekana juu hulala kuelekea kushoto. Ikikaa nyuma, hulala kuelekea kulia. Hakuna sababu nyingine. Kama mipishano miwili inatazama pande tofauti, safari moja uliiacha mbele na safari nyingine nyuma.

Njia ya haraka ya kuhakikisha ni kuifuata nusu moja ya msuko kwa kidole kuanzia chini. Kwenye msuko wa kamba, yaani ule ambao mipishano yote inalala upande mmoja kama huu wetu, ukifumwa sawasawa, nusu hiyo itakuwa juu kwenye mpishano mmoja, itazama chini ya mwenzake kwenye unaofuata, halafu itaibuka tena. Ikiwa nusu moja iko juu daima na nyingine iko chini daima, umekuwa ukibadilisha mbele na nyuma kwa zamu. Huo ni mchoro halali unaojitegemea, unaopinda kama wimbi, na kama ndio kwanza una mipishano miwili na umeupenda, endelea nao hadi mwisho.

Mpishano mmoja ukiwa na kosa katikati ya mingine iliyo sahihi, huna haja ya kufumua kitambaa chote. Fumua vitanzi 6 vya msuko peke yake. Fuma upande wa nje hadi ufike mwanzo wa msuko. Vitoe vile vitanzi 6 kwenye sindano ya kushoto na uviache vishuke, safu baada ya safu, ukivuta uzi taratibu, hadi safu ya mpishano wenye kosa nayo ifumuke. Sasa una vitanzi 6 vilivyo wazi chini, na juu yake ngazi ya nyuzi za mlalo. Hesabu nyuzi hizo kabla hujagusa kitu: ziwe sawa na idadi ya safu ulizofumua. Weka vitanzi 3 kwenye sindano fupi moja na 3 kwenye nyingine, vipishanishe kwa mwelekeo sahihi, kisha ushike uzi wa chini kabisa wa ngazi na ufume nao vitanzi 6, kulia kwenda kushoto, vyote vya kawaida. Huo ndio umekuwa safu ya mpishano. Uzi unaofuata juu yake ni safu inayofuata, na utaufuma vilevile, kulia kwenda kushoto, kwa kuwa kazi yote hii inafanyika ukiutazama upande wa nje. Sindano fupi zenye ncha pande zote mbili ndizo zinazofaa hapa, maana unavitelezesha vitanzi hadi ncha ya pili bila kugeuza kazi.

Ukimaliza, nguzo ya kwanza na ya mwisho zitaonekana zimelegea au zimekaza kuliko nyingine. Chukua ncha ya sindano, vuta mguu mmoja mmoja wa V kuhamisha ulegevu kuelekea panapobana. Maji yatamalizia.

Mimi husita kuifanya kazi hii kosa likiwa chini zaidi ya mipishano miwili, au uzi ukiwa wa manyoya yanayoshikana. Hapo ngazi hujifunga mafundo na unapoteza muda kuliko ambavyo ungepoteza kwa kufumua kawaida.

Mpishano mmoja uko mbali, mwingine uko karibu

Hii ndiyo dalili inayowapata wengi, na haisababishwi na kutojua kufuma. Inasababishwa na kuhesabu kwa kichwa. Simu inalia, mtu anauliza swali, unarudi ukidhani uko safu ya 6 kumbe ni ya 8.

Kitambaa chenyewe kina kumbukumbu. Kivute kwa upana kidogo, utazame mpishano wa mwisho: pana mwanya mdogo pale nusu mbili za msuko zilipokutana. Chomeka ncha ya sindano ya ziada kwenye mwanya huo, kati ya nusu ya mbele na ya nyuma, kisha hesabu nyuzi za mlalo zilizo juu ya ncha hiyo, katikati ya msuko, hadi kwenye sindano ya kazi. Uzi wa kwanza kabisa ni safu ya mpishano yenyewe. Kwenye utepe wetu, nyuzi zikifika 8, safu inayofuata ni ya kupishanisha. Zikiwa 5, bado safu 3. Ukiizoea njia hii hutahitaji kuandika popote ulipoishia, ingawa mimi bado huandika, kwa kuwa karatasi haimchoshi mtu.

Kuna kipimo kingine cha bure. Umbali kati ya mipishano kwenye msuko wa namna hii ni namba shufwa, na mpishano wa kwanza uliufanya upande wa nje. Basi kila mpishano utaangukia upande wa nje. Hesabu ikikuambia ni wakati wa kupishanisha na mbele yako una upande wa ndani, kuna safu imerukwa au imeongezwa. Usipishanishe. Hesabu upya kwa kutumia mwanya.

Na je, kama tayari umefuma safu 10 badala ya 8 mahali fulani? Kwa utepe au skafu, tofauti ya safu 2 mara moja ni jambo ambalo jicho la mwingine halitaliona. Kwenye sweta lenye misuko miwili inayokwenda sambamba, litaonekana mara moja, kwa sababu msuko wa pili uko palepale kama shahidi.

Vitanzi vinaongezeka

Ulianza na 18, sasa ni 20. Uzi umepita juu ya sindano pasipotakiwa. Kila unapotoka kwenye kitanzi cha kawaida kwenda cha kinyume, uzi hutoka nyuma kuja mbele, na njia yake ni kati ya sindano mbili. Ukiuzungusha juu ya sindano ya kulia badala ya kuupitisha katikati, umetengeneza kitanzi kipya bila kujua. Utepe wetu unabadilisha upande wa uzi mara 4 kwa kila safu ya nje na mara 2 kwa kila safu ya ndani, kwa hiyo nafasi za kukosea ni nyingi kuliko kwenye kitambaa cha kawaida.

Kitanzi cha namna hiyo hujulikana: kinalala mshazari juu ya sindano na chini yake hakuna nguzo, kuna tundu. Ukikiona kwenye safu inayofuata, kidondoshe tu. Uzi wake utagawanyika kwa majirani. Ukikiona baada ya safu kadhaa, kiache kishuke hadi kwenye tundu kilipoanzia, kisha usogeze ulegevu kwa ncha ya sindano.

Sababu ya pili iko ukingoni. Baada ya kugeuza kazi, uzi ukivutwa kwenda nyuma kwa kupita juu ya sindano, kitanzi cha kwanza huinuliwa kikaonyesha miguu miwili, na anayeanza hufuma kila mguu kama kitanzi. Shusha uzi chini kabisa mbele ya kazi, kitazame kitanzi cha kwanza kikiwa kimoja, ndipo uupeleke nyuma kwa kupita chini ya ncha ya sindano.

Vitanzi vinapungua

Tafuta ngazi kwanza. Kitanzi kilichoponyoka huacha nyuzi za mlalo zisizo na nguzo, na kitanzi chenyewe kiko chini yake, wazi. Kitie pini papo hapo kisiendelee kushuka. Kisha geuza upande ambao kitanzi hicho ni V, ingiza kulabu ya kroshia kutoka mbele, nasa uzi wa ngazi ulio karibu, uvute upite ndani ya kitanzi, na uendelee juu uzi mmoja baada ya mwingine bila kuruka.

Kama hakuna ngazi, huenda ulifuma viwili kwa pamoja. Hutokea zaidi kwenye safu inayofuata mpishano, maana vitanzi vimebanana na kimoja hujificha nyuma ya kingine.

Na kama vitanzi vinaponyoka kutoka kwenye sindano ya msuko yenyewe, sindano hiyo ni ya chuma laini iliyonyooka. Badili. Yenye kipindo katikati au ya mbao hushika vizuri zaidi. Unene wake uwe sawa na sindano za kazi au mwembamba zaidi, kamwe usizidi, kwa kuwa nene hupanua vitanzi na ukishavifuma vinabaki vimepwaya mbele ya macho ya kila mtu.

Msuko umekuwa mnene ajabu na vitanzi vya kufuma vimekwisha

Umesoma C6F, kifupisho cha mpishano kwenye maelekezo ya Kiingereza, kama amri ya kuhamisha vitanzi 6. Namba iliyo katikati ni jumla ya vitanzi vya msuko mzima. Unahamisha nusu yake: C6F ni 3 mbele, 3 vifumwe; C4B ni 2 nyuma, 2 vifumwe. F maana yake sindano ya msuko iko mbele, B iko nyuma.

Vinundu vimeingia katikati ya msuko

Umefuma kawaida palipotakiwa kinyume, au kinyume chake, na karibu kila mara ni kwenye safu ya upande wa ndani. Kanuni ya kuizuia ni moja: fuma unachokiona. Ukiwa upande wa ndani, kitanzi kilichokutazama kama V kifume kawaida, na chenye kinundu shingoni kifume kinyume. Hapo huhitaji kukumbuka mpangilio. Ukingo wa vitanzi 4 kila upande ndio pekee usiofuata kanuni hii, kwa sababu wenyewe hufumwa kawaida safu zote. Weka kipete cha alama baada ya vitanzi 4 vya kwanza na kabla ya 4 vya mwisho, na kanuni itumike kati ya vipete tu.

Kulirekebisha kosa la kitanzi kimoja ni rahisi: kishushe kitanzi hicho peke yake hadi kwenye kinundu, ukipandishe tena kwa kulabu.

Wanaofuata mchoro wa miraba wana chanzo kingine cha kosa hili. Ukifuma kwa kwenda na kurudi, safu za nje husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na safu za ndani kutoka kushoto kwenda kulia. Zaidi ya hapo, mraba unaonyesha jinsi kitanzi kinavyoonekana kwa nje, kwa hiyo mraba wa V kwenye safu ya ndani unakutaka ufume kinyume. Ukifuma kwa mzunguko, safu zote husomwa kulia kwenda kushoto na hakuna cha kugeuza.

V zimefunga miguu

Tazama chini ya V. Ikiwa miguu miwili imepishana badala ya kusimama wazi, kitanzi hicho kimesokotwa. Kitanzi kikikaa sawa kwenye sindano ya kushoto, mguu wake wa kulia ndio uko mbele ya sindano. Baada ya kufumua na kuokota vitanzi upya, vingi hukaa kinyume. Havina shida, vifume kwa kuingiza sindano kwenye mguu uliotokea nyuma, vitajinyoosha vyenyewe.

Vikiwa vitatu vyote vya mpishano vimesokotana, sindano ya msuko iligeuka mkononi, au ulivifuma kutoka ncha isiyo yake. Kitanzi kilichohamishwa kwanza ndicho kifumwe kwanza. Unavihamishia kwa ncha moja ya sindano ya msuko, unavifuma kutoka ncha ya pili.

Na ukiona uzi mrefu umekatiza mbele ya mpishano, sindano ya msuko ilizunguka uzi wa kazi. Vitanzi vikisubiri mbele, uzi unabaki nyuma ya kila kitu. Rudisha vitanzi 6 kimoja kimoja, ufume upya. Hiki ni kitu kisichofichika hata kwa kuosha.

Kitanzi cha mwisho cha msuko kimepwaya

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu dalili hii huwakatisha tamaa watu wenye mkono mzuri kabisa. Msuko umenyooka, hesabu ni sahihi, lakini nguzo ya mwisho upande wa kushoto, ile inayopakana na vinundu, ni pana na imekaa ovyo, kama imefumwa na mtu mwingine.

Ukitoka kwenye kitanzi cha kawaida kwenda cha kinyume, uzi husafiri njia ndefu kidogo: kutoka nyuma, kupita kati ya sindano, kuja mbele, kisha kuzunguka juu ya sindano. Uzi huo wa ziada hauna pa kwenda ila kurudi kwenye kitanzi kilichotangulia, ambacho ndicho cha mwisho cha msuko. Nguzo ya kulia haipatwi, kwa kuwa kutoka kinyume kwenda kawaida njia ni fupi. Ndiyo maana upande mmoja tu una ugonjwa.

Dawa ya kwanza ni mkono. Fuma kitanzi cha kwanza cha kinyume baada ya msuko, vuta uzi imara, fuma cha pili, vuta tena. Usikivute kile cha mwisho cha msuko chenyewe. Hakisaidii kitu, maana ulegevu bado haujafika.

Ikishindikana, badili njia ya uzi. Kwenye kitanzi hicho cha kwanza cha kinyume, na hicho tu, pitisha uzi chini ya ncha ya sindano badala ya kuuzungusha juu. Njia hiyo ni fupi na inakula uzi mchache. Kitanzi kitakaa kinyume kwenye sindano, kwa hiyo kwenye safu ya ndani inayofuata, ambapo kinafumwa kawaida, ingiza sindano kwenye mguu wake wa nyuma. Ukisahau hilo, utakuwa umekisokota. Jaribu safu sita au nane za nje kwa njia hii, ulinganishe na za chini. Tofauti utaiona bila miwani.

Mpishano unabana hadi sindano haiingii

Uzi wa pamba hauvutiki. Sufu huvutika, ikarudi. Msuko wa vitanzi 6 kwa pamba unawezekana, ila kwa kazi ya kwanza nashauri sufu, au mchanganyiko wenye sufu nyingi, na sindano zenye ncha kali.

Kama uzi ni sufu na bado unabana, mkono wako unakaza. Legeza safu iliyo kabla ya mpishano kwa vile vitanzi 6 tu. Unaweza pia kuvirudisha vitanzi vilivyosubiri kwenye sindano ya kushoto kabla ya kuvifuma, badala ya kuvifuma wakati vinaning'inia. Mkono unatulia na sindano inapata nafasi. Misuko ya vitanzi 10 na kuendelea, inayopishana kila safu chache, itabana hata kwa fundi. Iache kwa sasa.

Msuko upo lakini hauonekani

Weusi na rangi ya samawati iliyoiva humeza kivuli, na kivuli ndicho kinachouchora msuko. Uzi wa rangi mchanganyiko hulivuruga jicho. Uzi wenye manyoya marefu huziba mitaro. Chagua uzi wa mviringo, uliosokotwa kwa nyuzi tatu au zaidi, wa rangi moja ya kati au nyeupe.

Kama uzi ni mzuri na msuko bado ni bapa, kagua vinundu pembeni. Msuko usio na angalau kitanzi kimoja au viwili vya kinyume kila upande huzama kwenye kitambaa. Vinundu hurudi nyuma, msuko ukajitokeza.

Kazi imetoka nyembamba kuliko ulivyopima

Kila mpishano huvuta kitambaa ndani. Uzi wa Aran kwa sindano za milimita 5 hutoa takriban vitanzi 18 kwa sentimita 10 kwenye kitambaa kisicho na msuko. Usitumie hesabu hiyo kukadiria upana wa kitambaa chenye misuko. Kipande cha majaribio kiwe na msuko wenyewe, kiwe na angalau mipishano miwili, na kipimwe baada ya kuoshwa na kukauka. Kwa sababu hiyohiyo misuko hula uzi mwingi zaidi kuliko kitambaa bapa cha upana uleule. Nunua bunda moja la ziada mapema, lenye namba ileile ya bechi ya rangi kwenye lebo, kwa kuwa bechi mbili za rangi moja hazifanani kila mara.

Hilo pia ndilo linalofanya ncha za skafu zichanue: vitanzi vya kuanzia na vya kufungia havijavutwa na mpishano wowote. Wakati wa kufunga, fuma viwili pamoja mara moja au mbili juu ya kila msuko. Mwanzoni fanya kinyume chake, anza na vitanzi vichache, uviongeze kwenye safu iliyo kabla ya mpishano wa kwanza.

Upana ukikataa kabisa kulingana na maelekezo, kagua namba ya sindano. Namba za zamani za Uingereza hushuka sindano inavyonenepa, na za Marekani hupanda. Namba 8 ya Uingereza ni milimita 4. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Namba 6 ni kinyume chake hasa: milimita 5 kwa Uingereza, milimita 4 kwa Marekani. Maelekezo ya zamani yaliyoandikwa namba tupu yatakupoteza. Amini milimita.

Mahali pa kuunganishia utepe, msuko unakatika

Utepe ukishonwa ncha kwa ncha, umbali kati ya mpishano wa mwisho na wa kwanza unapaswa kulingana na mingine. Hakikisha jumla ya safu inagawanyika kwa 8, na safu ya kufunga vitanzi iwe ndiyo ya 8 ya mwisho. Utepe ukiwa mfupi kwa safu mbili tatu, usiongeze hizo tu. Ongeza mzunguko mzima wa safu 8 au acha sufu ivutike.

Baada ya kuosha

Kabla ya maji, msuko wowote huonekana umekunjamana. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 20 hivi, kamua kwa kubonyeza bila kusokota, viringisha ndani ya taulo, kisha utandaze kwenye sehemu tambarare kwa upana unaotaka. Vinundu vivutwe vifunguke. Msuko wenyewe usiuvute kwa pembeni, utaulaza.

Pasi isiguse msuko. Sufu iliyolazwa na pasi inaweza kuinuka tena ikiloweshwa. Akriliki iliyopigwa pasi ya moto au mvuke mkali hulegea na kubaki hivyo, na hakuna maji yatakayoirudisha. Kama lebo ya uzi inasema akriliki, itandaze mbichi na uiache ikauke yenyewe.